Gololi, Minié, REAL au Saboti: Ipi Inafaa Gobori Lako la Mifuo Hapa Malindi

Mtutu ndio wenye kauli. Kabla hujauliza risasi gani ni nzuri, uliza mifuo ya mtutu wako, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, inajizungusha mara moja katika urefu gani. Jibu la swali hilo ndilo litakalokwambia kama gololi ya duara itakaa katikati ya shabaha, au kama ile risasi ndefu uliyoiagizia kwa pesa nyingi itaruka ikitanguliza ncha au itaingia kwenye karatasi kwa ubavu. Wengi huanzia mwisho. Wanasikia risasi fulani imesifiwa, wanaiagiza, ikikataa kulenga bunduki ndiyo inayolaumiwa.

Hapa tunalinganisha aina tano za risasi: gololi ya duara, Minié yenye tundu kitakoni, REAL na jamaa zake zenye kitako kizima, risasi ya kuvikwa karatasi, na saboti ya kikombe cha plastiki. Ni kwa magobori ya mifuo yaliyotengenezwa na kampuni, yaliyopimwa na kupigwa muhuri, ya kipenyo cha inchi 0.50 na inchi 0.58. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo habari ya kuangusha mnyama haimo kabisa. Tunachotafuta ni matundu yaliyokusanyika kwenye karatasi, mita 50 na mita 100, umbali ule ule unaotumika katika mashindano ya MLAIC, kamati ya kimataifa ya vyama vya bunduki za kushindilia. Na bunduki ya kushindilia ni bunduki: silaha ina sheria yake, Sura 114, na baruti ina yake, Sura 115. Mwenye gobori la kuchongewa na mhunzi kwa bomba la maji asijaribu lolote lililoandikwa humu. Bomba hilo halikufanywa libebe mshindo wa baruti, na likipasuka hupasukia usoni.

Kupima msokoto, yaani huo urefu wa mzunguko mmoja wa mifuo, ni kazi ya dakika chache. Chukua mdeki wa kusafishia ambao kipini chake kinaacha ufito uzunguke wenyewe, ufunge kitambaa cha kubana kwenye ncha, uushushe mpaka mwisho. Tia alama ya wino kwenye ufito pale mdomoni mwa mtutu, na nyingine juu ya ufito kuelekea mbinguni. Vuta polepole huku ukiitazama ile alama ya juu inavyogeuka. Magobori mengi mtutu wake ni mfupi kuliko mzunguko mmoja, basi simama alama inapokuwa imegeuka nusu, pima urefu uliotoka, kisha zidisha mara mbili. Ukipata kama mita 1.7, una mtutu wa gololi, ule unaoandikwa 1:66, yaani mzunguko mmoja kwa inchi 66. Mita 1.2 ni 1:48, mtutu wa katikati. Sentimita 71 ni 1:28, mtutu wa saboti na risasi ndefu. Enfield ya 1853, bunduki ya jeshi la Uingereza, na nakala zake ni 1:78, karibu mita 2, lakini hiyo ni ya Minié, na tutaifikia.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mwaka 1879 George Greenhill, aliyekuwa akifundisha hesabu kwa maofisa wa mizinga kule Woolwich, alitoa kanuni ambayo mpaka leo inatosha kwa risasi ya madini ya risasi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, mara 150, gawa kwa urefu wa risasi. Unachopata ni urefu wa mzunguko mmoja unaohitajika. Gololi ya inchi 0.50 ina urefu sawa na kipenyo chake, basi jibu ni inchi 75. Risasi ya kipenyo hicho hicho yenye urefu wa inchi 1 inataka inchi 37 na nusu. Igeuze kanuni kwa mtutu wa 1:48, utaona kwamba risasi ndefu kabisa inayotulia humo ni ya inchi 0.78, yaani milimita 20 hivi. Ni kanuni ya kukadiria, inaacha nafasi kidogo, lakini anayekwenda dukani na kalipa, chombo cha kupimia unene, mfukoni na tarakimu hiyo kichwani hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Gololi na kiraka

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, na nitakaa nayo.

Kwa mtutu wa inchi 0.50, gololi ya kawaida ni ya inchi 0.490, sawa na milimita 12.45, uzito wake greni 177, gramu 11 na nusu. Gololi yenyewe haigusi mifuo. Kinachoishika mifuo, kinachoizungusha gololi na kuzuia moto usipite pembeni, ni kiraka cha kitambaa chenye unene wa inchi 0.015, karibu milimita 0.4. Kwa hivyo nusu ya ubora wa risasi hii iko kwenye duka la vitambaa, na hapo pwani tuna neema. Marekani nzito isiyopaushwa, ile ya rangi ya maziwa, inashinda viraka vingi vya pakiti: ni pamba tupu, imefumwa kwa kubana, na bei ya mita moja ni nafuu mno ukilinganisha na idadi ya viraka inayotoka. Ifue kwanza mara mbili kwa maji moto uitoe wanga, ianike, ipige pasi, ndipo uipime unene kwa kalipa ukiibana kwa nguvu. Ukiipima bila kubana utajidanganya.

Kanga na leso za siku hizi usizitumie kabla ya kuzijaribu. Chomoa uzi mmoja uuwashe kiberiti. Pamba huungua kwa mwali wa kawaida, ikanuka karatasi iliyoungua, ikaacha jivu jepesi la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Uzi uliochanganywa na polyester hujikunja, hutoa moshi mweusi, na mwishoni huacha tone gumu ambalo halivunjiki kirahisi kwa kidole. Tone kama hilo ndilo litakaloganda ndani ya mifuo yako, risasi baada ya risasi, mpaka mdeki ukwame.

Mafuta ya kiraka ni jambo la pili, na joto la Malindi linabadilisha mapishi yaliyoandikwa kwa nchi za baridi. Mafuta ya nazi peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, maana yake hapa kwetu ni maji mchana kutwa. Yatashuka kutoka kwenye kiraka na kulowesha baruti. Changanya nta ya nyuki na samli au mafuta ya mkia wa kondoo. Ambapo wenzetu wa nchi za baridi huweka nusu kwa nusu, hapa weka nta sehemu mbili kwa moja ya mafuta. Nta safi inapatikana kwa wafugaji wa nyuki wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Iyeyushe ndani ya sufuria iliyokalia maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, ndipo uchanganye. Usitie grisi ya gari wala mafuta ya injini. Mafuta yaliyotokana na petroli yakiungua pamoja na baruti nyeusi hufanya ukoko mweusi kama lami. Na anayenunua mafuta ya kopo asome yametokana na nini, maana mengine yana mafuta ya nguruwe. Si jambo dogo: mwaka 1857 askari wa Kihindi, Waislamu na Wahindu, waliasi dhidi ya Waingereza kwa sababu kadhaa, na cheche ilikuwa shaka kwamba viasi vya bunduki za Enfield vilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe.

Kushindilia kwenyewe kuna mpangilio. Futa mafuta ya kuhifadhia ndani ya mtutu mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kabla ya kutia baruti, piga fataki moja au mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani chini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Pima baruti kwa kipimo cha shaba, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo, kwa sababu kaa moja lililobaki ndani linaweza kuwasha kopo zima mkononi. Anza na greni 50 za baruti nyeusi ya FFg (alama ya ukubwa wa chembe zake), panda kwa greni 5 kila kundi la risasi, na usimame pale matundu yanapokusanyika. Kwa mita 50 mitutu mingi huridhika kati ya greni 50 na 70. Kikomo cha juu ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, usiitie hata chembe, itaupasua mtutu.

Laza kiraka kwenye mdomo wa mtutu, weka gololi juu yake na ule mkato ulioachwa na kalibu ya kuyeyushia ukitazama juu katikati. Isukume kwa kisukumio kifupi, kisha mdeki. Ushike mdeki karibu na mdomo wa mtutu, usukume kwa hatua za shibiri moja moja. Anayeushika juu kabisa na kubana kwa uzito wa mwili huuvunja, na mdeki wa mti ukivunjika huacha ncha inayochoma kiganja. Gololi lazima ikae juu ya baruti. Ikibaki pengo kati yao, gololi inakuwa kizuizi, na mtutu huvimba kama pete au hupasuka. Dawa yake ni alama: gololi ikiwa imekaa sawasawa, chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Mstari ukibaki juu safari nyingine, hujafika, usivute kifyatuo.

Halafu okota viraka vyako. Viko chini hatua chache mbele ya mstari wa kupigia, na vinasema kila kitu. Kiraka kizuri kina doa la kijivu katikati, alama ya mifuo kama miale pembeni, na kingo zimechakaa kidogo tu. Kikiwa kimetoboka katikati kwa kuungua, kitambaa ni chepesi, au mafuta ni haba, au baruti imezidi. Kikiwa kimekatwa mduara, kingo za mdomo wa mtutu ni kali. Apewe fundi wa silaha azilainishe, wewe usiguse tupa. Kikiwa vipande vipande, kitambaa kimeoza au kina mchanganyiko. Hakuna aina nyingine ya risasi inayokupa ripoti ya bure namna hii, na kwa anayejifunza hilo pekee linatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Udhaifu wake ni upepo. Gololi hukata hewa vibaya: hutoka kwa kasi kubwa, lakini katika mita 100 hupoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza zaidi ya sentimita 20 kwa umbali huo. Kusi ikikaza, kupiga mita 100 kwa gololi mchana ni kupoteza baruti. Piga asubuhi mapema kabla bahari haijaanza kuvuma, au rudi mita 50. Kasoro nyingine ni kufuta mtutu kila baada ya risasi moja kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Anayeruka hatua hiyo huona gololi ya nne au ya tano imekwama nusu njia.

Madini ya risasi

Gololi, Minié na REAL zote zinataka risasi laini tupu. Ukiikwaruza kwa ukucha iache mfuo unaong'aa. Ukucha ukiteleza, ni mchanganyiko, na mchanganyiko haujazi mifuo.

Betri za magari usizivunje. Ndani yake mna asidi, na vyuma vilivyochanganywa humo vinaweza kutoa hewa ya sumu. Pwani hii tunajua madini haya yanafanya nini yakiingia mwilini: kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Yeyushia nje, upepo ukikupiga mgongoni, watoto wakiwa mbali, kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni tena, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kushika sigara. Chubwi kuukuu za wavuvi nyingi ni mchanganyiko, na kuna hatari nyingine: chubwi iliyokaa baharini ina maji kwenye nyufa. Maji yakizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha risasi ya moto mpaka usoni. Ziweke kwenye sufuria baridi zipate moto pamoja nayo. Usitupie kitu chochote cha unyevu kwenye risasi iliyokwisha yeyuka.

Gololi zilizotoka kwenye kalibu zipime moja moja kwa mizani ndogo ya sonara. Inayopungua gramu 0.1 kuliko wenzake ina tundu la hewa ndani; irudishe motoni. Kilo moja ya risasi hutoa gololi 87 hivi za inchi 0.490, risasi 60 hivi za REAL ya greni 250, na Minié 30 tu za greni 500. Mwenye kuhesabu gharama aanzie hapo.

Minié

Kapteni wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, ndiye aliyeipa jina mwishoni mwa miaka ya 1840: risasi ndefu yenye tundu kitakoni, ndogo kidogo kuliko mtutu. Inashuka kirahisi, kisha mshindo wa baruti unatanua kingo za tundu zikaumana na mifuo. Ya mwanzo ilikuwa na kikombe cha chuma ndani ya tundu. Mmarekani James Burton, wa kiwanda cha silaha cha Harpers Ferry, alikiondoa, na hiyo ya Burton ndiyo inayouzwa leo.

Kwa Enfield au nakala ya inchi 0.58, Minié ni raha. Hakuna kiraka, hakuna kisukumio kifupi. Mimina baruti, tia risasi iliyopakwa nta kwenye mifereji yake, isukume kwa mkono mmoja. Ukiwa na mafuta mazuri unaweza kupiga kumi na zaidi bila kufuta. Upepo unaisogeza chini ya nusu ya vile unavyoisogeza gololi. Lakini ni nzito na ni ya polepole, kwa hivyo inaanguka: katika mita 100 hushuka kama sentimita 60 kutoka kwenye mstari wa mtutu, ambapo gololi yenye baruti ya kutosha hushuka kama 30. Ukikosea umbali kwa mita chache, karatasi itakuonyesha.

Inapokataa, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kipenyo. Mitutu inayoitwa ya 0.58 hutofautiana, mingine ni 0.575, mingine 0.580, na Minié inataka iwe ndogo kuliko mtutu kwa elfu moja au mbili za inchi tu. Ikilegea zaidi ya hapo, kingo zinachelewa kutanuka na moto unapita pembeni. Pimisha mtutu kwanza, ndipo ununue kalibu, pamoja na pete ya kusawazishia inayolingana. Ya pili ni risasi ngumu, ambayo haitanuki kabisa. Ya tatu ndiyo wanayoiangukia wenye kupenda mshindo: baruti nyingi. Kingo za tundu ni nyembamba. Ukipanda juu sana hufunguka kama sketi zikitoka mdomoni, na matundu kwenye karatasi yanakuwa ya ubavu. Greni 45 mpaka 60 za FFg zinatosha. Ukiona tundu limechanika umbo la ufunguo, punguza greni 5 kabla hujagusa kitu kingine.

Kuna wanaoshauri kujaza mafuta ndani ya tundu la kitako. Kwa hapa nakataa: mchana wa Februari yanayeyuka na kulowesha baruti, na utasikia fataki ikilia bila bunduki kujibu. Likitokea hilo, shikilia bunduki ikielekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya kuigusa, maana moto unaweza kuwa unatambaa ndani. Na ukishaishindilia Minié usielekeze mdomo chini. Haikubanwa na kitu, inaweza kuteleza ikaliacha lile pengo tulilolitaja.

REAL na Maxi-Ball

Hizi ni risasi ndefu zenye kitako kizima, zilizofanyiwa magobori ya kisasa ya mtindo wa zamani, kama yale ya Hawken ya Thompson/Center yenye 1:48. Pete za REAL, ambayo kalibu zake hutengenezwa na kampuni ya Lee, hupanuka kadiri zinavyokaribia ncha, na za juu hukatwa na mifuo wakati wa kushindilia. Maxi-Ball inafanana nayo kwa kazi.

Kwa mtutu wa 1:48 wenye mifuo isiyo na kina kirefu, REAL ya inchi 0.50 na greni 250 ni chaguo zuri kweli: ni fupi, inaingia ndani ya ile kanuni ya milimita 20, na haikuombi kiraka. Ile ya greni 320 iko mpakani, na Maxi-Ball ya greni 370 ni ndefu zaidi. Baadhi ya mitutu inazivumilia kwa mita 50, ikifika 100 matundu yanatawanyika. Anza na nyepesi.

Kasoro yake kubwa iko katika sentimita mbili za kwanza. Ukiianzisha imeinama, itachongwa na mifuo ikiwa imeinama, itashuka hivyo na itatoka hivyo. Isimamishe kwa vidole, izungushe kidogo mpaka uhisi pete za chini zimekaa pande zote, ndipo utumie kisukumio chenye uso unaofuata umbo la ncha. Kisukumio bapa huiponda pua. Baada ya risasi tatu au nne ukoko unaifanya kuwa ngumu, basi futa kabla haijakaidi. Kugonga mdeki kwa nyundo si dawa. Kizibo cha sufu kilichopakwa nta kati ya baruti na risasi hulinda kitako kisiunguzwe, na mara nyingi hicho ndicho kinachoyaleta matundu pamoja.

Kwenye mtutu wa gololi wa 1:66 wenye mifuo ya kina, usijisumbue nayo. Kitako kizima hakijazi mifuo, moto unapenya, na msokoto hautoshi kuisimamisha.

Risasi ya kuvikwa karatasi

Ndiyo iliyofika mbali zaidi katika karne ya 19. Enfield ya 1853 yenyewe ilipiga risasi laini ya Pritchett ya greni 530 iliyovikwa karatasi, na Joseph Whitworth, kwa mtutu wa pembe sita wa inchi 0.451 wenye 1:20, aliishinda Enfield vibaya kwenye majaribio ya 1857. Kwa mwenye subira na mtutu unaofaa, hakuna inayoipita kwa mita 100 na kuendelea. Ila karatasi ya pamba isiyo na gundi ndiyo inayotakiwa, mizunguko miwili kamili bila kupandana, na unyevu wa pwani huivimbisha. Zikishavikwa na kupakwa nta, zifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa, na uzipime kipenyo tena asubuhi ya kupiga. Si ya kuanzia.

Saboti

Ni kikombe cha plastiki kilichobeba risasi ndogo ya bastola. Ilifanyiwa mitutu ya 1:28 na ya karibu na hapo, na humo inapiga vizuri. Kwa gobori la asili haina nafasi: msokoto ni wa polepole mno, na mashindano ya bunduki za kale hayaikubali. Hata kwenye mtutu wake, jua la Malindi linaipiga vita. Mtutu ukishapata moto baada ya risasi kadhaa mfululizo, plastiki inalainika wakati wa kushindilia, kikombe kinapinda, na kamba za plastiki zinabaki kwenye mifuo. Acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuuachia. Ukinihesabia gharama, usumbufu na matokeo, naiweka ya mwisho.

Marisau kwenye mtutu wa mifuo hata usijaribu. Mzunguko unazitawanya na kuacha shimo tupu katikati ya shabaha. Marisau ni ya mtutu laini.

Na hapo tuseme jambo kwa wenye magobori ya babu yaliyotundikwa ukutani, Malindi mpaka Lamu. Mengi ni ya mtutu laini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika na kuacha mlango kwa zile za gumegume zenye mtutu laini, ndizo zilizoendelea kuuzwa. Hesabu za humu za msokoto hazizihusu, na chuma kilichokula hewa ya chumvi miaka mia na zaidi hakifai kutiwa baruti. Nazo vilevile zinataka kibali. Na ukiikuta imefunikwa vumbi, usidhani ni tupu: teremsha mdeki ndani, weka alama, kisha uulaze nje ya mtutu ulinganishe. Ukiishia mapema kabla ya usawa wa tundu la moto, kuna kitu ndani, na huenda ni baruti ya zamani iliyo hai. Iite mamlaka, usiichokonoe.

Usafi

Risasi zote hizi huacha masizi yanayovuta maji kutoka hewani, na hewa yetu ina maji na chumvi. Kutu huanza siku hiyo hiyo. Ukimaliza kupiga, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni ya kipande mpaka kitambaa kitoke cheupe, suuza kwa maji ya moto sana ili chuma kikauke chenyewe, kisha paka mafuta ya cherehani. Rudia kupaka kesho yake. Saboti iliyoacha plastiki inahitaji brashi ya shaba kabla ya maji. Minié na REAL zikiacha madoa ya risasi, nazo ni brashi hiyo hiyo.

Kununua

Nunua kalibu, si risasi. Risasi zilizotengenezwa ni nzito kusafirisha na zina urasimu wake, na kalibu moja ikitunzwa inakaa maisha. Ya alumini hupata moto haraka na ni nyepesi, lakini kingo zake huumia ukiigonga. Ya chuma inachelewa kupata moto, inashika kutu ukiisahau, na inadumu. Kwa Minié chukua ya chuma au shaba nyeupe, kwa sababu kile kipini cha tundu la kitako kinahitaji kushika joto la kutosha. Kipini kikiwa baridi, kingo hutoka na mikunjo, na Minié yenye mkunjo kwenye sketi ni ya kurudishwa sufuriani.

Kwa 1:66 agiza kalibu ya gololi ya 0.490, na ukiwa na marekani nyembamba kuliko 0.015 agiza ya 0.495. Kwa 1:48 anza na gololi hiyo hiyo, kisha REAL ya greni 250. Kwa Enfield, usiagize chochote mpaka mtutu upimwe. Kalibu mpya ioshe kwa sabuni itoke mafuta ya kiwandani, ikauke kabisa, uifukize ndani kwa moshi wa kiberiti mpaka iwe nyeusi, na gololi kumi za kwanza zirudishe sufuriani bila kuzitazama mara mbili. Zitatoka na mikunjo hata ukifanya kila kitu sawa, mpaka kalibu ishike moto wake.